Bloku moja, maandishi saba: orodha ya kuchagua na majina ya watoto wetu

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo la kompyuta. Lakini wewe ambaye hujawahi kugusa kompyuta, tafadhali usigeuze ukurasa, kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu pengine kuliko sisi tunaobonyeza. Ni habari ya liste.

Sisi wakimbizi maisha yetu yako kwenye liste. Kuna liste ya chakula, liste ya sabuni, liste ya shule, liste ya hospitali, liste ya wanaorudi nyumbani, liste ya wanaotafuta ndugu zao waliopotezana nao njiani. Jina lako likiwa mahali pake, siku yako inapita vizuri. Likiandikwa ovyo, unaweza kusimama kwenye mstari tangu alfajiri na jioni ukarudi mikono mitupu. Na ukiuliza unaambiwa: "Kompyuta haikuoni."

Kumbe mara nyingi kompyuta haina kosa. Kosa ni la aliyeandika. Nasema hivi kwa kuwa safari moja aliyeandika nilikuwa mimi.

Yaliyotupata

Kamati ya wazazi ya upande wetu iliamua kuandika watoto wote wasiokuwa na karatasi ya kuzaliwa. Tulikuwa tumeambiwa kwamba wahusika watakuja na kuita watoto bloku kwa bloku, kila bloku siku yake. Kazi ya kuzunguka nyumbani tulipewa sisi vijana watatu. Tulikuwa na madaftari, na kompyuta moja ya zamani ambayo betri yake ilikwisha kufa, inafanya kazi umeme ukiwepo tu. Kila jioni mmoja wetu aliingiza majina ya siku hiyo, haraka haraka kabla jenereta haijazimwa.

Ilipofika zamu ya bloku B3, tulichuja majina kwenye kompyuta, tukachapa karatasi, tukaibandika. Asubuhi akaja mama mmoja, mwenyeji wa upande wa Fizi, na watoto wake mapacha wamevaa nguo safi. Alikaa mpaka jua likawa kali. Watoto wengine waliitwa wote, wake hawakuitwa. Akanifuata.

"Mwanangu, angalia vizuri. Bana bangu wawili, mapacha."

"Mama, nimeangalia mara tatu. Kwenye bloku yenu hawamo."

"Hawamo namna gani? Si ni wewe mwenyewe ulikuja kwangu, nikakupa kiti ukakaa, ukaandika?"

Sikuwa na jibu. Wahusika walimaliza kazi, wakapanda gari, wakaondoka. Jioni umeme ulipokuja nikafungua kompyuta na kutafuta jina la mama. Mapacha walikuwamo, wote wawili, na miaka yao, na jina la baba yao. Ila kwenye safu ya bloku niliandika "B 3", nikaacha nafasi kati ya herufi na namba. Tulipoiambia kompyuta ituonyeshe watu wa "B3", ilituonyesha wa "B3" tu. Kwa binadamu "B3" na "B 3" ni kitu kimoja. Kwa kompyuta hizo ni bloku mbili tofauti, kama Kigoma na Kasulu.

Nikaanza kuhesabu. Bloku hiyo moja sisi watatu tulikuwa tumeiandika kwa namna saba: B3, B 3, B.3, B-3, Bloku B3, Bloc B3, na hata 3B. Safu ya mkoa ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja aliandika Sud-Kivu kama alivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa, mwingine South Kivu, mwingine Kivu Kusini, na mahali pengine S/Kivu. Uvira kuna mahali imekuwa Uvila, kwa sababu masikio yetu hayatofautishi L na R vizuri. Na Fizi, jamani, mara mbili imeandikwa Fisi! Watoto wa watu tukawaandika kama wametoka kwa fisi. Tulicheka, lakini mama yule hakuwa na la kuchekea.

Dawa yake ni orodha ya kuchagua

Ukienda kwenye hoteli ya sokoni, mwenye hoteli anakuambia: leo kuna ugali, wali na mihogo. Wewe unachagua. Huwezi kuagiza chakula ambacho hakikupikwa. Orodha ya kuchagua kwenye kompyuta inafanya hivyo hivyo. Badala ya karani kuandika "B3" kwa vidole vyake kila mara, anabonyeza mshale mdogo pembeni mwa kisanduku, orodha ya bloku zote inafunguka, anachagua. Hawezi kuweka nafasi ya ziada, hawezi kukosea herufi. Bloku moja inabaki na maandishi mamoja, hata kama makarani ni kumi.

Na ni haraka pia. Kuandika "Kivu Kusini" ni kugonga vitufe kumi na kimoja. Kuchagua ni kugonga mara mbili tatu. Mahali ambapo umeme unakuja saa chache tu, hiyo si faida ndogo.

Programu za majedwali, ambazo vitabuni zinaitwa lahajedwali na sisi mitaani tunaziita Eksel zote, zina uwezo huu tangu zamani. Excel imekuwa nao tangu toleo la 1997. OpenOffice na LibreOffice zinao pia katika sehemu yao inayoitwa Calc, na hizo mbili ni za bure kabisa, huhitaji kununua wala kuiba. Nani asemaye kompyuta si mambo ya Waswahili? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Sweden kutoa OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo tusiogope.

Namna ya kuitengeneza

Vijana wa klabu ya kompyuta, walimu na makatibu wa vikundi, kateni ukurasa huu muuhifadhi. Tuchukue mfano wetu wa watoto. Karatasi ya kwanza ya jedwali ina safu ya jina, safu ya mwaka wa kuzaliwa, na safu C ni ya bloku.

Kwanza, fungua karatasi ya pili katika faili hilo hilo na uipe jina Orodha. Kwenye safu A andika bloku zote, moja moja, kutoka juu kwenda chini, kila bloku kwenye kisanduku chake. Tuseme ziko kumi na mbili, basi zitakaa kuanzia A1 mpaka A12. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Ukikosea hapa, kosa litaenea kote. Mwite mwenyekiti wa bloku au mzee anayejua mipaka, asome pamoja nawe.

Pili, rudi kwenye karatasi ya kwanza. Buruta mausi juu ya visanduku vya safu ya bloku, kuanzia C2 mpaka pale unapodhani majina yataishia, kwa mfano C300. Vyote vigeuke rangi.

Tatu, kama unatumia Excel, nenda kwenye menyu ya "Data", bonyeza "Data Validation". Kwenye kompyuta ya Kifaransa utaona "Données", kisha "Validation des données". Kisanduku kidogo kitafunguka. Mahali palipoandikwa "Allow" chagua "List". Mahali palipoandikwa "Source" bonyeza, kisha nenda kwenye karatasi ya Orodha na uburute juu ya A1 mpaka A12. Bonyeza OK.

Kama kompyuta yako ni ya zamani, yenye Excel 2007 au kabla ya hapo, itakataa kuchukua orodha iliyoko kwenye karatasi nyingine. Usihangaike. Andika orodha yako kwenye karatasi hiyo hiyo, mbali kulia, kwa mfano safu M, ambako haitakusumbua.

Kama unatumia Calc, nenda "Data", kisha "Validity". Kwenye "Allow" chagua "Cell range", na kwenye "Source" andika $Orodha.$A$1:$A$12. Hakikisha alama ya vema ipo kwenye mstari unaosema "Show selection list", maana bila hiyo mshale hautatokea.

Nne, jaribu. Bonyeza C2. Pembeni utaona mshale mdogo unaoangalia chini. Ubonyeze, uchague. Mshale huo unaonekana pale tu unapokuwa ndani ya kisanduku chenyewe, kwa hiyo usiseme umepotea. Asiyekuwa na mausi ashike kitufe cha Alt na kubonyeza mshale wa chini wa kibodi, orodha itafunguka.

Kwa orodha fupi kama Mvulana na Msichana, Ndiyo na Hapana, huhitaji karatasi ya pili. Kwenye Excel unaandika maneno yenyewe kwenye "Source" na kuyatenga kwa alama ya mkato. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa mara nyingi inataka nukta-mkato badala ya mkato. Maneno yote pamoja yasizidi herufi 255. Kwenye Calc unachagua "List" na kuandika kila neno kwenye mstari wake.

Iseme kwa Kiswahili

Kisanduku hicho cha kidirisha kina sehemu nyingine mbili ambazo watu wengi wanaziruka. Moja ni ya ujumbe unaotokea karani anapoingia kwenye kisanduku. Unaweza kuandika: "Muulize mzazi kwanza, usikisie." Nyingine, iitwayo "Error Alert", ni ya ujumbe unaotokea mtu akiandika kitu kisichokuwemo. Usipoandika chochote, kompyuta itamkaripia karani kwa Kiingereza kigumu. Sisi tuliandika: "Bloku hii haimo kwenye orodha. Uliza tena kwa upole." Tangu siku hiyo makarani wapya hawashtuki wakiiona.

Hapo hapo unachagua ukali wake. Kuna ukali wa kuzuia kabisa, ambao hauruhusu neno la nje. Kuna wa kuonya, ambao unauliza kama una hakika. Na kuna wa kukujulisha tu. Kwa bloku tuliweka kuzuia kabisa, kwani bloku za kambi zinajulikana. Kwa vijiji vya nyumbani tuliweka kuonya, na sababu yake tutaieleza.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza: orodha ya kuchagua inalinda kinachoandikwa kuanzia sasa, haisafishi ya zamani. Makosa yaliyokwisha kuingia yatabaki kimya mahali pake. Excel ina kitufe karibu na kile cha kwanza kinachozungushia duara jekundu maneno yote yasiyomo kwenye orodha. Calc nayo inafanya hivyo: nenda "Tools", kisha "Detective", kisha "Mark Invalid Data". Sisi tulipobonyeza, ukurasa wetu ulijaa maduara kama mtoto mwenye surua! Tulitumia jioni mbili kurekebisha, daftari mkononi.

Mtego wa pili: ukinakili kisanduku kutoka mahali pengine na kukibandika juu ya kisanduku chenye orodha, orodha inafutika bila kelele yoyote. Basi waambieni wanaosaidia kazi: kuchagua ruksa, kubandika marufuku.

Mtego wa tatu: kuacha kisanduku kitupu. Kitupu kinaweza kuwa na maana tatu. Karani alisahau kuuliza, au mzazi hajui, au mzazi hakutaka kusema. Kesho na kesho kutwa hakuna atakayekumbuka ni ipi. Weka kwenye orodha maneno "Hajui" na "Hakupenda kusema". Hivyo kitupu kitabaki na maana moja tu: rudi ukaulize.

Jina la mtu lisiwekwe kwenye orodha

Sasa kuna kijana mmoja wa klabu alifurahia orodha mpaka akasema, "Basi tutengeneze na orodha ya majina ya watu, tuchague tu!" Hapo tukamwambia, kaka, ngoja kwanza.

Orodha ya kuchagua inafaa kwa vitu ambavyo idadi yake inajulikana: bloku, zoni, darasa, jinsia, mkoa, nchi. Jina la mtu si kitu cha namna hiyo. Jina ni la mwenyewe. Kama anajiita Lukia, mwandike Lukia, usimbadilishe kuwa Rukia ati ndiyo iliyo sahihi. Kama cheti cha ubatizo au karatasi ya shule ya nyumbani ina herufi fulani, zifuate hizo, kwani siku ya kulinganisha karatasi, herufi moja inaweza kuleta maneno marefu.

Jambo hili lina historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mji wa Arolsen nchini Ujerumani, palijengwa hazina ya kadi za kutafuta watu waliopotea na waliohamishwa kwa nguvu. Kadi zilifika karibu milioni 50, zikiwataja watu wapatao milioni 17.5. Unaona kwamba mtu mmoja aliweza kuwa na kadi kadhaa, na jina lake lilikuwa limeandikwa na makarani wa lugha mbalimbali, kila mmoja kwa sikio lake. Makarani wa Arolsen hawakuyalazimisha majina yafanane. Waliacha kila kadi na herufi zake, ila walipanga kadi kwa kufuata pia namna jina linavyosikika, ili majina ya sauti moja yakae karibu. Anayemtafuta ndugu aweze kukutana na maandishi yote.

Somo kwetu ni hili: mahali pa kufananisha tufananishe, na mahali pa mtu mwenyewe tumwachie mwenyewe. Tukitaka kumtambua mtu bila shaka, tuweke namba ya kadi yake ya familia kwenye safu nyingine. Ikiwa majina mawili yanafanana, namba itayatenga.

Orodha isimfanye mtu aseme uongo

Kuna hatari nyingine, na hii ni kubwa kuliko zote. Karani mwenye orodha mkononi anaweza kuanza kuamini orodha kuliko mtu aliyekaa mbele yake. Mzee anasema, "Mimi nimetoka kijiji fulani," karani anaangalia, kijiji hakimo, basi anachagua kilicho jirani ili aendelee na kazi. Kwenye kompyuta panaonekana safi, hakuna duara jekundu hata moja. Lakini mzee ameandikwa mahali ambapo hakuzaliwa. Ndugu yake akimtafuta kwa jina la kijiji chao, hatampata. Afadhali kosa la herufi, maana linaonekana. Hili halionekani.

Na orodha zenyewe zinazeeka. Wenzetu wa Kalemie na Moba wanajua. Mpaka mwaka 2015 mkoa wao ulikuwa Katanga. Mwaka huo Katanga iligawanywa, wao wakawa mkoa wa Tanganyika. Mtoto aliyeandikwa 2010 ana Katanga kwenye karatasi yake, mdogo wake aliyezaliwa 2018 ameandikwa Tanganyika, na nyumba yao ni ile ile. Ndugu zetu Warundi nao, mwaka 2025 nchi yao iliacha mikoa 18 ikabaki na mikoa mitano. Makamba, Rutana, Bururi na Rumonge ziliingia Burunga. Ruyigi, Cankuzo na Muyinga ziliingia Buhumuza. Mama aliyekimbia zamani atasema Ruyigi, na hasemi uongo. Orodha yako ikiwa na Buhumuza peke yake, ataonekana kama hajui kwao.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Kwanza, chini kabisa ya kila orodha ya mahali tuliweka neno "Nyingine", na pembeni tukaongeza safu iitwayo "Alivyosema mwenyewe", ambayo haina orodha, karani anaandika maneno ya mtu kama yalivyo. Pili, tuliweka mkoa wa zamani na mkoa wa sasa kwenye safu mbili tofauti, kila moja na orodha yake. Na ndiyo maana vijiji tuliwekea ukali wa kuonya, si wa kuzuia. "Nyingine" zikiwa nyingi kwa kijiji kimoja, tunakaa na wazee wa upande huo, tunauliza kinaandikwaje, tunakiongeza kwenye orodha. Orodha inakua kwa kusikiliza watu.

Wewe usiyegusa kompyuta

Wazazi wapendwa, nanyi mna sehemu yenu, tena kubwa.

Fahamu bloku yako na namba ya nyumba yako inavyoandikwa rasmi, na uwafundishe watoto wako waliofika umri wa kukariri. Andika majina ya watoto wote, herufi kwa herufi, kwenye karatasi moja, uitunze pamoja na kadi yako ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isiilowe. Kama hujui kuandika, mpe mwanafunzi akuandikie halafu mwalimu aikague. Unapoandikishwa, toa karatasi hiyo badala ya kutamka tu kwa mdomo.

Tarehe ya kuzaliwa itaje mwezi kwa jina. Ukisema "tano, nane", karani mmoja ataandika tarehe 5 mwezi wa nane, na kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kimarekani itaisoma kuwa tarehe 8 mwezi wa tano. Ukisema "tarehe tano Agosti", hakuna wa kukosea.

Mwisho, karani akimaliza, mwambie akusomee alichoandika. Usione haya. Hilo si kumdharau, ni kumsaidia. Na wewe karani, usikunje uso. Geuza kompyuta ili mama aone, au soma kwa sauti: jina, mwaka, bloku, kijiji. Hiyo ni nusu dakika tu. Ndani ya nusu dakika hiyo tumeshaokoa safari nyingi za bure.

Mapacha wako wapi?

Najua mtauliza. Wahusika walirudi baada ya wiki tatu kwa ajili ya waliobaki. Safari hii tulichapa liste mpya, tukaisoma kwa sauti kila bloku jioni moja kabla, na mapacha walikuwa wa kwanza kuitwa. Wiki tatu si nyingi kwa anayehesabu akiwa mbali, lakini mama alilala siku zote hizo bila kujua kama watu wale watarudi kweli.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanipa kiti kile kile. Nilidhani atanigombeza, wala hakunigombeza. Alisema, "Siku nyingine ukimaliza kuandika, unisomee." Maneno hayo tumeyaandika kwa kalamu kubwa na kuyabandika ukutani juu ya kompyuta yetu, na kila karani mpya tunamwonyesha kabla hajafundishwa mambo ya mishale na visanduku.

Klabu yoyote ya vijana, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, au shule inayotaka kutengeneza orodha kama hii, njooni siku za gazeti tuoneshane. Njooni na daftari lenu, na kama inawezekana njooni na mzee mmoja anayejua majina ya mahali. Vijana watabonyeza, mzee atasahihisha. Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuhesabu watoto wa kila bloku kwa fomula moja fupi, sasa ambapo kila bloku ina maandishi mamoja.

Mbaki salama na familia zenu.